Siku Kumi na Nane Hadi Antofagasta

Mdogo wangu Sekela alitoka kwenye lango la wanaowasili saa nane mchana akiwa amenuna. Nilidhani ni mambo ya kazini. Kumbe ni nywele.

"Shikamoo dada. Hebu niangalie hiki kichwa," alisema, akainama pale pale mbele za watu, begi bado liko begani. "Makrina kanisuka jana jioni. Jana! Nimekaa kwenye kigoda masaa sita, makalio yamekufa ganzi, ili nikishuka tu niende kwenye sendoff ya binamu yetu Tusajigwe. Sasa ona. Nimetoka Chile saa mbili zilizopita, na tayari niko kama mtu aliyetoka jela."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusuka tangu aanze kazi Antofagasta. Kule jangwani ni fundi mkuu wa vioo vya darubini kubwa, na unywele mmoja ukidondoka kwenye kioo ni kesi. Wote wanakata nywele zibaki urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Miaka minne ameenda hivyo, majuma mawili kule na majuma mawili nyumbani Makambako, hadi alipojikuta ana sherehe saa kumi jioni na ndege ya kufika saa nane. Ndipo akamwomba mwenzake amsuke rasta za kuunga siku ya mwisho ya kazi.

Mimi nimelelewa saluni. Mama yetu alisuka vichwa vya mji huu miaka thelathini, na nilipokuwa chuo cha usafiri wa anga nilisuka wanafunzi wenzangu mpaka vidole vikaota sugu. Rasta iliyosukwa ovyo hulegea, ukiivuta inakuja. Hizi hazikulegea hata kidogo. Zilibana vizuri, mistari imenyooka, ila zilianzia mbali na ngozi. Kati ya ngozi na fundo kulikuwa na nywele mpya, laini, upana wa punje ya mahindi.

"Makrina hana kosa," nilimwambia.

"Hana kosa vipi? Huoni?"

"Naona. Zimeota, Sekela. Hizi ni rasta za majuma mawili na nusu."

Alinicheka. "Dada, zamu za alfajiri zinakuharibu."

Nikamfunga kilemba, tukaenda kwenye sendoff, watu wakamsifia kilemba. Yeye alicheza mpaka viatu vikamshinda. Mimi nilikaa na sahani yangu ya pilau nikihesabu.

*

Kazi yangu ni namba mbili. Kabla ya kila ndege kuruka naandika umbali na muda, nasaini, kisha nakaa mbele ya kipaza sauti na kuzisoma. Rubani anazirudia neno kwa neno, na abiria wote wanasikia vitini mwao. Rubani asiporudia, ndege haisogei. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko mkunjo, na kwa njia hii nimeisoma mara mia nne na kumi na mbili: Makambako hadi Antofagasta, kilomita elfu kumi na moja, mia moja na thelathini. Saa mbili na dakika kumi.

Zamani safari hiyo ingekula saa kumi na tatu. Halafu ukaja mkunjo. Walipotufundisha, mhandisi alishika khanga, akaikunja, pindo mbili zikakutana. Ndege inaruka kutoka pindo hadi pindo, alisema. Wote tukapiga makofi. Hakuna aliyeuliza kitambaa cha katikati kimekwenda wapi, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Ukikunja khanga haipungui hata uzi mmoja. Kuna mtu lazima apite humo ndani.

Wanaopita wamelala. Muda ukishasomwa, kila abiria anaingiza mkono kwenye mkono wa kiti, kiti kinamchoma sindano, na marubani nao wanalala ndege ikishafika juu. Mashine tunazoziita walezi zinabaki kuwaangalia. Tuliambiwa usingizi ni kwa sababu mkunjo unatia kichefuchefu.

Lakini mimi ndiye ninayepanga uzito wa ndege. Na kila safari, kwa kila abiria, napakia lita thelathini na sita za chakula cha mshipa, yale maji yanayopita kwenye sindano. Niliwahi kuuliza ya nini kwa safari ya saa mbili. Nikajibiwa ni akiba ya dharura. Nikaridhika, mpumbavu mimi, ingawa kila ndege ikirudi madumu huwa matupu.

Jumatatu asubuhi, likizo ya Sekela ikikaribia kuisha, nilimpigia nesi wa hospitali ya wilaya nikamuuliza mtu aliyelala hajitambui anapewa lita ngapi kwa siku. Akasema kama mbili. Thelathini na sita kwa mbili ni kumi na nane. Na nywele za Sekela zilikuwa zimeota milimita saba, ambazo kwa kichwa chake ninachokijua tangu utotoni ni siku kumi na nane, au kumi na tisa kama hali vizuri. Maji na nywele, vitu viwili visivyojuana, vikasema namba moja.

Nje saa mbili na dakika kumi, ndani siku kumi na nane. Walezi wanawalisha, wanawanyoa ndevu, wanawakata kucha, wanawapunguza nywele zirudi kwenye kiungo kimoja cha kidole, ili mtu aamke akiwa kama alivyolala. Walichoshindwa kufanya ni kufumua rasta na kuzisuka upya.

*

Bwana Kilasi, meneja wa kituo, hakukana. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Funga mlango," alisema. "Umeongea na nani?"

"Na kichwa cha mdogo wangu."

Alivua miwani akaifuta, kazi ambayo kwake huchukua muda. "Dada Enesia, saa ya ukutani inasema nini? Saa mbili na kumi. Hujawahi kuandika uongo."

"Wanaosafiri ni kuta au ni watu?"

"Wamelala! Hawasikii njaa, hawasikii uchovu. Unataka turudi kwenye masaa kumi na matatu, mtu anakukoromea begani?"

"Nataka waulizwe."

"Ukiwauliza, njia itafungwa. Na njia ikifungwa, Makambako itarudi kuwa mahali pa kusimama basi watu wanunue viazi. Unataka hilo?"

Sikutaka hilo. Nusu ya vijana wa mtaa wetu wanafanya kazi kwenye uwanja huu, na nusu nyingine wako Chile.

"Tena umesaini safari ngapi wewe?" aliuliza taratibu.

"Mia nne na kumi na mbili."

"Basi usijifanye umezaliwa leo. Jumatano ndege ni ya mdogo wako. Utasoma kama kawaida."

Nilitoka mle ofisini nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sehemu kubwa ilikuwa juu yangu. Ile sahihi ilikuwa yangu, na sauti waliyoisikia wakienda kulala ni yangu pia.

*

Jumanne alasiri nilimkuta Sekela sebuleni kwake anafumua rasta, maana kesho yake angerudi kwenye vioo. Nikakaa nyuma yake nikamsaidia. Nilitaka kumweleza taratibu. Nilipofika kwenye neno siku, akanikatiza.

"Nilijua kuna kitu."

"Ulijuaje?"

"Dada, mimi ni mwanamke. Naondoka hapa siku zangu zimeisha juzi, nafika kule baada ya saa mbili zinakaribia kuanza tena. Tangu mwaka wa kwanza. Wote tuko hivyo. Nesi wa kambini anatuambia ni ukame wa jangwani."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye unayetusomea muda. Nikasema, kama kungekuwa na kitu, dada angesema."

Nimeshawahi kutukanwa na marubani, na abiria waliokosa ndege, hata na mume niliyeachana naye. Hakuna lililowahi kunichoma kama lile.

Nikamwambia yote. Amevuka mara mia moja na nne, kila mara siku kumi na nane. Jumla siku elfu moja, mia nane sabini na mbili. Miaka mitano na ushee ambayo mwili wake umeishi na yeye hakuwepo.

"Kwa hiyo mimi si wa arobaini na moja."

"Una arobaini na sita."

"Na wewe una arobaini na tatu."

"Ndiyo."

"Basi kuanzia leo wewe ndiye utakayeniamkia," alisema, tukacheka wote wawili, kicheko cha kweli kabisa, halafu katikati ya kicheko akaanza kulia. Nilimshika kichwa, nusu kimefumuliwa na nusu bado, nikamwacha alie.

Alipomaliza alijifuta na upindo wa khanga. "Kesho usiseme."

"Sekela."

"Usiseme, dada. Kule nina watu kumi na wanane chini yangu. Vioo vile nimevipanga mimi, kimoja kimoja. Hapa nitakuwa nani? Yule mama aliyewahi kufanya kazi Chile. Mambo ya siku zangu nilikuwa nayajua kwa mbali, na kwa mbali nilikuwa naweza kuishi nayo. Ukiyasoma kwenye kipaza sauti, sitaweza tena kujifanya sijui. Wala wenzangu. Uliniuliza kama nataka kuambiwa?"

"Sikukuuliza."

"Basi usirudie kosa hilo kwa watu mia na kumi na wawili."

Niliondoka tukiwa hatujaagana vizuri. Njiani nilijaribu kumpa haki, na alikuwa nayo. Ni mwili wake na miaka yake. Mimi ni nani wa kumfungulia mlango alioufunga mwenyewe? Lakini kila nilipojiona nimekaa kwenye kile kiti nikisema saa mbili na dakika kumi, na yeye ananisikia, naye anajua kwamba najua, nilisikia kichefuchefu ambacho hakihitaji mkunjo. Angeweza kuchagua kunyamaza, lakini mimi sikuwa na haki ya kumdanganya. Usiku ule nililala vizuri kuliko nilivyotegemea.

*

Saa tatu asubuhi ya Jumatano ndege ilikuwa imeshakaa mwanzo wa njia ya kurukia, injini zinanguruma. Uwanja wetu una njia moja tu. Nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni ndege tatu.

Nikavuta kipaza sauti.

"Ndege ya Makambako kwenda Antofagasta. Umbali, kilomita elfu kumi na moja, mia moja na thelathini. Muda kwa saa ya ukutani, saa mbili na dakika kumi. Muda kwa miili ya abiria na marubani, siku kumi na nane. Rudia."

Kwenye kioo cha kamera niliona abiria wakigeukiana. Sekela alikuwa kiti cha dirishani, macho mbele, hageuki.

"Kituo," ilisema sauti ya Kapteni Mligo, rubani aliyefungua njia hii miaka sita iliyopita. "Namba ya mwisho. Rudia."

"Siku kumi na nane, kapteni. Ndani ya mkunjo. Kila safari. Na wewe pia."

"Mimi nimevuka mara mia tatu."

"Miaka kumi na minne na miezi tisa."

Alikohoa. "Mwezi uliopita daktari wa macho aliniuliza kama nina uhakika na tarehe yangu ya kuzaliwa. Nikamwona hana adabu."

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, Bwana Kilasi akaingia bila koti na kuninyang'anya kipaza sauti. "Kapteni, puuza hayo. Muda ni saa mbili na dakika kumi. Rudia."

"Sijakupata."

"Saa mbili na dakika kumi!"

"Nani anaongea?"

"Meneja wa kituo!"

"Mimi narudia maneno ya ofisa mwenye leseni," alisema Mligo, mpole kabisa. "Wewe, Bwana Kilasi, sijakupata. Na naona leo sitakupata kabisa."

Kwenye kamera hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa ameingiza mkono kwenye mkono wa kiti. Wengine walikuwa wamesimama. Mzee mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole, anafika mwisho, anaanza tena. Sekela alinyanyuka, akapita katikati ya watu hadi mbele, na sekunde chache baadaye sauti yake ikatoka kwenye redio ya rubani.

"Dada."

Nilichukua kipaza sauti mkononi mwa Kilasi. Aliniachia, sijui kwa nini. "Nakusikia."

"Nimekukasirikia sana."

"Najua."

"Tutaongea. Sasa hivi nijibu ya kazi. Hii ndege inaweza kwenda bila mkunjo?"

"Inaweza. Hairuhusiwi kuruka kama haiwezi kurudi kwa njia ndefu mkunjo ukigoma."

"Muda?"

"Saa kumi na tatu."

"Za ukutani au za mwili?"

"Zote zile zile."

Nilisikia anawageukia wenzake na kuwauliza kitu, nikasikia kelele kubwa ambayo sikuelewa hata neno, halafu akarudi. "Hatushuki na hatulali. Kazi yangu siiachi, na siku yangu hata moja simpi mtu. Tuandikie hiyo ya saa kumi na tatu."

Bwana Kilasi alicheka kwa hasira. "Haiwezekani. Mafuta hayatoshi."

Lakini nilikuwa nimeshaanza kuhesabu, na hesabu ndicho kitu ninachokijua. Madumu ya chakula cha mshipa, lita thelathini na sita mara watu mia na kumi na wawili, ni kilo elfu nne na thelathini na mbili. Toa hizo, toa sanduku la walezi, jaza mafuta mpaka shingoni. Marubani wapo wawili, sheria inawapa saa kumi na nne wakipokezana. Nikamgeuzia karatasi aone.

"Inatosha," nilimwambia. "Inabaki hata ya kuzungukia mawingu."

"Nitakufukuza kazi."

"Nifukuze nikishasaini."

"Wale wa Chile wataniuliza nini kimetokea!"

"Waambie abiria wao wameamka."

Alitazama dirishani. Ndege tatu zilikuwa zimekuwa nne, na kwenye uzio ndugu za wasafiri walikuwa wanaongezeka, maana watu mia na kumi na wawili wenye simu hawakai na siri. Angeweza kuita askari wawaburute wote mmoja mmoja, mbele za mama zao. Au angeweza kuiondoa ndege kwenye njia. Alisimama pale muda mrefu, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, kidogo tu. Kisha akachukua simu akaita gari la mafuta.

Likabaki tatizo ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kulifikiria. Kwenye ndege nzima hapakuwa na tonge la chakula, kwa sababu kwa miaka sita hakuna abiria aliyekula kwa mdomo. Mama Kidunye wa kantini alipata habari, akafunga biashara, akaleta kila alichokuwa nacho: chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vya kukaanga, ndoo tatu za maandazi na birika zima la chai ya tangawizi. Walezi walishushwa kwa mlango wa nyuma, maandazi yakapandishwa kwa mlango wa mbele.

Saa tano kasoro robo nilisoma tena. "Makambako kwenda Antofagasta. Kilomita elfu kumi na moja, mia moja na thelathini. Saa kumi na tatu. Rudia."

"Kilomita elfu kumi na moja, mia moja na thelathini," alisema Kapteni Mligo. "Saa kumi na tatu, macho wazi. Nimepokea."

Nikasaini. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka nzito nzito, ikageukia magharibi.

*

Barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa tayari saa saba. Bwana Kilasi aliniletea mwenyewe, akasahau kukaa, akasahau pia kuondoka. Leseni yangu ilipelekwa kwa wakubwa ili waamue. Nikavua kitambulisho, nikachukua kikombe changu na sweta, nikateremka ngazi. Kwenye ngazi nikapishana na Lusako, ofisa wa zamu ya mchana, aliyekuwa na safari nyingine ya mkunjo mkononi mwake, ya kwenda Manila.

"Dada Enesia," aliniita kwa sauti ya chini. "Hii napakia lita arobaini kwa kila mtu."

"Gawanya kwa mbili."

"Siku ishirini. Halafu nifanye nini?"

"Halafu usome."

Aliendelea kupanda, na sikugeuka kumtazama, kwa sababu lile lilikuwa lake. Lakini niliketi kwenye benchi nje ya kantini mpaka nikaona ndege ya Manila imesimama mwanzo wa njia, haisogei, dakika kumi, dakika ishirini, na gari la mafuta likitoka tena gereji.

Saa tisa alasiri simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Sekela, na picha ya dirisha. Ndani ya dirisha hapakuwa na kitu isipokuwa buluu, juu buluu na chini buluu, na kivuli kidogo cha ndege.

"Bado nimekukasirikia," aliandika. "Tumeacha nchi kavu sasa hivi. Humu hakuna aliyekaa kwenye kiti chake, wote wako madirishani, na Makrina analia kama mtoto. Dada, nimeivuka hii bahari mara mia moja na nne. Sikuwahi kuiona."